Tende Niliyoimeza

Kama unasoma haya huku umefunika mdomo kwa kiganja, najua unaficha nini. Changu kilikaa hapo karibu mwaka mzima. Nikicheka nakiweka, nikisalimia nakiweka, hata nikipokea simu nakiweka, ingawa aliye upande wa pili wa simu hawezi kunusa kitu. Mimi si daktari. Mambo ya kitabibu nitakayoyataja ni yale machache niliyoelezwa nikiwa nimelala kwenye kiti chao na taa machoni, na hata hayo sikuyashika yote. Ninachokijua vizuri ni aibu, kwa hiyo nitasimulia hiyo.

Nauza tende Kariakoo. Marehemu baba yangu aliuza tende hapohapo, na babu aliyetoka Kilwa ndiye aliyelianza duka. Limebanwa kati ya muuza vitenge na muuza vyombo vya plastiki, na mbele yake kuna spika inayotangaza bei za viatu tangu asubuhi. Ndiyo maana muuza tende wa mtaa wetu hawezi kusema na mteja kwa mbali. Unainama juu ya meza, naye anainama kwake, unapasua tende kwa kidole gumba, unatoa kokwa, unampa aonje, kisha unamwambia karibu na sikio kwamba hii ni laini ya kufuturia na ile ni kavu ya kuweka. Wateja wangu wengi nimewapata kwa kuinama namna hiyo.

Jino lenyewe lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Lilipata ufa kwa kokwa. Nimetoa makokwa maisha yangu yote, halafu siku moja naonja mzigo mpya nikasahau kutoa moja. Wenzangu sokoni walicheka sana, nami nikacheka nao. Lilipoanza kuuma nilifanya walivyofanya wazee wetu wote: nilichukua karafuu, nikaiponda, nikaibana pale penye ufa. Maumivu yakanyamaza na mimi nikasema nimepona. Kila yaliporudi niliongeza karafuu. Sikujua kwamba chini, kwenye mzizi, mambo yalikuwa yakiendelea kuharibika, na mimi nilikuwa nikijiziba tu masikio nisisikie.

Harufu sikuigundua mwenyewe. Mwenye harufu huwa wa mwisho kujua. Niliisoma kwenye uso wa mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Aliinama kama kawaida, nikafungua mdomo kumwambia habari za mzigo, naye akainuka taratibu, akarudi nyuma na kuonja tende akiwa amesimama barabarani. Alinunua na kuniaga kwa adabu zote. Wiki hiyohiyo msikitini, tulipoitikia amini, jirani yangu wa safu aligeuza uso wake pembeni kidogo. Nilitamani sakafu ipasuke. Tangu siku hiyo nikawa naswali pembeni kabisa, chini ya dirisha, nikiitikia amini kwa midomo iliyofungwa.

Nikaanza kujitengeneza. Asubuhi iliki, mchana karafuu, jioni nasukutua kwa maji ya waridi. Miswaki miwili mfukoni. Dukani nilichoma udi hata siku zisizo za Ijumaa, na nguo zangu nilizifukiza kama bwana harusi. Kitandani nililala nimeukabili ukuta. Chakula, ambacho mimi na mke wangu tumekila sinia moja tangu ujana wetu, nikasema nipakuliwe peke yangu kwa sababu narudi nimechoka.

Mke wangu anaitwa Zuhura, na si mtu wa kuzungushwa. Siku moja alinikuta nikijipaka mafuta mazuri shingoni kabla ya kwenda dukani. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Rukia, mwanaume wa umri wako haanzi kunukia bure."

"Biashara ya siku hizi inataka mtu nadhifu," nikamjibu, uso nimeugeuzia kabati.

"Mbona husemi nami ukiniangalia? Kama kuna mwenzangu umemweka huko mjini, niambie. Dini imekuruhusu. Ila usinilaze nyuma ya mgongo kama mkoba."

Ningeweza kumaliza jambo lile kwa sentensi moja: jino limeoza, mdomo unanuka. Sikusema. Nilichukua kofia yangu nikatoka. Nilikuwa radhi zaidi mke wangu aniwazie mke mdogo kuliko aninuse, na hilo likikushangaza, basi hujawahi kunuka.

Ramadhani ikaingia, na kwangu ilikuwa kama nimepewa likizo. Mwezi ule kila mtu mdomo wake ni mkavu, na tumefundishwa tangu watoto kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ina heshima yake mbele ya Mola. Nikarudi katikati ya safu. Nikainama tena juu ya meza yangu, na mwezi huo ndio wa mavuno kwa muuza tende, watu wanapanga foleni mpaka kwa muuza vitenge. Jino lilipiga sana mchana, maana karafuu nisingeweza kuibana nikiwa na swaumu, na shavu likawa na joto. Muuza vitenge aliona nikikunja uso, akaniambia niende kwa daktari wa meno. Nikamjibu kwamba dawa zitabatilisha swaumu yangu. Nilikuwa najua kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, na kwamba ningeweza kwenda baada ya kufuturu. Nilijificha ndani ya mwezi mtukufu kama mtu anayejificha ndani ya umati, na ni jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najiinamia.

Mwezi ulipoandama, maficho yakaisha. Asubuhi ya Idi niliamka shavu limevimba hadi jicho limefunga nusu. Na siku hiyo ndiyo binti yetu Rukia alikuja na mumewe kututangazia kwamba ni mjamzito. Mimba zake zilizotangulia zilitoka, tukaacha kuulizana. Sasa hii ilikuwa imeshika, na alitaka kutuambia ana kwa ana. Alikuja mbio kunikumbatia kama alivyozoea. Nikanyoosha mkono kumzuia, nikampa kiganja. Kwenye picha za siku hiyo mimi niko nyuma kabisa, nimejizungushia kashida hadi puani.

Wageni walipoondoka Zuhura alinifuata chumbani, akaivuta ile kashida. Akaliangalia shavu. Akasogea, nami nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, hapakuwa na pa kwenda. Akanusa.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakifukizia udi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alikaa kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu sikuweza kujua tena kama bado anacheka. "Miezi yote hii nilikuwa namtafuta mwanamke mjini," akasema, "kumbe ni jino."

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno, mtaa wa Mchafukoge, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri. Nitakuambia ukweli kuhusu chumba cha kusubiria cha meno: ni mahali pa amani kuliko unavyodhani. Wote mmeshika mashavu. Hakuna anayezungumza, na hakuna anayekushangaa kwa kutozungumza. Kijana mwenye fulana ya mpira, mama wa Kihindi na mwanawe, mzee mmoja kama mimi mwenye tasbihi. Tulikaa kwenye benchi lile mikono mashavuni kama jamaa wa ukoo mmoja. Huko nje mvua za masika zilikuwa zimeanza, na maji yalipita barabarani na maganda ya machungwa.

Daktari wangu alikuwa binti wa umri wa Rukia, tumwite Neema. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaniomba nifungue mdomo. Nilifungua kidogo. Akasema kidogo zaidi. Aliponipiga ganzi na kulifungua lile gego, usaha ukatoka na harufu ikajaa chumba. Mimi mwenyewe niliinusa, kwa mara ya kwanza, nikataka kufa. Neema hakukunja uso. Alinyoosha mguu akaligeuza feni kuelekea dirishani, akaendelea na kazi. Nimepewa mengi na watu maishani, lakini ile feni siisahau.

Masika yote nilipanda ngazi zile. Anasafisha mzizi, anaweka dawa ndani, anaziba kwa muda, narudi. Nakanyaga tope kutoka sokoni, napanda, nafungua mdomo. Harufu ilipungua. Nikaanza kula na Zuhura sinia moja tena, ingawa kitandani niliendelea na ukuta kwa mazoea. Lakini jino halikutulia. Kila nilipodhani limekwisha, mwili ungechoka kidogo, nipate homa, na hapohapo vingenitoka vile vidonda vidogo vya maji pembeni ya mdomo, vile tunavyosema homa imetokea. Navijua tangu ujana. Ila sasa kila vilipotoka, na shavu lilivimba. Neema ndiye aliyeona kwamba vinafuatana. Alipiga eksirei, akaiangalia sana, akaniambia, "Mzee, nitakupeleka kwa mkubwa wangu Upanga. Sitaki nikung'oe jino kabla hajaliona."

Kipupwe kilikuwa kimeingia tulipokwenda Upanga kwa bajaji. Yule bingwa alikuwa mtu mzima mwenzangu, mpole, lakini sauti yake kubwa, na chumba chake kilitenganishwa na benchi la wagonjwa kwa pazia tu. Bingwa akanichunguza, akanitoa usaha kidogo ukapimwe, na tuliporudi kwa majibu, Zuhura akiwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa, bingwa akasema, "Mzee, pamoja na bakteria, humu mdomoni mwako kuna virusi."

Nyuma ya pazia watu waliacha kukohoa. Au nilidhani wameacha. Kwetu mtu akisema virusi tu, bila jina, kila mtu analo jina lake tayari. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni vile. Akasema hapana, ni vya jamii ya herpes, vile vya vidonda vya mdomo na ndugu zao, na kwamba karibu kila mtu mzima wa mji huu anavyo vya aina moja au nyingine, vimelala tu mwilini. Mwili ukichoka vinaamka. Wapo watafiti wanaovikuta mpaka kwenye uchafu wa mizizi ya meno, akasema, na wanadhani vinalegeza ulinzi wa mwili pale, ndipo bakteria wanapopata nafasi ya kufanya wanavyotaka. Bado wanabishana. "Mimi sikuambii ndivyo vilivyoliharibu jino lako. Limeharibiwa na ufa, na wewe ukaufunika na karafuu. Nakuambia huenda vinachangia lisipone upesi." Akanishauri nipime na vile vingine pia, kwa amani ya moyo. Nilipima. Sina.

Ungedhani nilitoka pale nimefarijika. Lakini lile neno, herpes, nilikuwa nimelisikia vijana wa sokoni wakilitaniana, na wao hulitumia kwa habari za sehemu nyingine kabisa ya mwili. Mimi ni mzee wa ndevu nyeupe, watu huniita kwenye ndoa zao niseme maneno mawili ya hekima. Nilijiona nikitembea Kariakoo na neno lile limebandikwa mgongoni.

Kabla sijatoka, bingwa aliniuliza kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Nikamwambia binti yangu anatarajia.

"Basi sikiliza vizuri. Mtoto wa siku za mwanzo hana kinga. Vidonda hivi kwako ni kero, kwake vinaweza kuwa kifo. Vikiwa vimetoka, au ukihisi vinakuja, usimbusu, na usimpe chochote kilichopita kinywani mwako. Waambie na wa nyumbani wakukumbushe."

Nikaitikia. Zuhura alikuwa kwenye benchi na chupa ya maji. "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema bado kuna uchafu kidogo kwenye mzizi. Tukarudi nyumbani.

Mimba ya Rukia ilikua. Nilipewa heshima nyingi miezi ile: wakwe zetu wa Magomeni walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mtoto akizaliwa mimi ndiye nitakayemwonjesha tende. Ni desturi unayoijua. Mzee hutafuna tende mpaka ilainike, huichukua kidogo kwa ncha ya kidole na kuipaka kwenye kaakaa la mtoto, chakula chake cha kwanza cha baraka. Bi Salma, mama wa mkwe wangu, aliamini pia kwamba mtoto huchukua ulimi wa aliyemwonjesha, akisema vizuri na mtoto atasema vizuri. "Kwetu hatuna msemaji kama wewe," aliniambia. "Na tende ni zako." Nikacheka, kiganja mdomoni, nikasema inshallah. Niliwaza kwamba vidonda havitoki kila siku. Niliwaza kwamba labda siku hiyo nitakuwa msafi na hakuna atakayejua.

Rukia alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa vuli. Wakamwita Sabra. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye homa na mdomo wangu haujapona vizuri. Tulipokwenda kumwona wodini nilisimama mlangoni, nikaomba dua kutoka pale.

"Baba, hutaki kumbeba?" Rukia akauliza.

"Mikono yangu ina vumbi la sokoni," nikasema.

Akaniangalia, akamfunika mtoto.

Kwa akina Bi Salma tende huonjeshwa siku ya saba, siku ya kunyoa nywele. Asubuhi ya siku hiyo, nikitawadha, nilihisi kitu pembeni ya mdomo wa juu. Kama sisimizi anatembea ndani ya ngozi. Aliyewahi kutokwa na vidonda vile anakijua hicho kisisimizi, maana huja kabla ya kidonda, na hakikosei. Nilitazama kwenye kioo. Hapakuwa na kitu cha kuonekana. Nikavaa kanzu yangu, nikachukua kasha la tende nilizokuwa nimezichagua moja moja kwa mkono wangu, tukaenda Magomeni.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume wamekaa, pilau inanukia. Nikamshika kando babu mwingine wa mtoto, nikamwambia yeye ndiye mwenye nyumba, ingependeza amwonjeshe yeye. Akacheka. Akasema yeye hata meno hana, atatafuna na nini. Nikasema basi imamu. Imamu alikuwa na msiba Temeke. Bi Salma akanisikia kutoka mlangoni.

"Mbona unazungukazunguka, mkwe? Au kwa kuwa ni mwanamke?"

"Hasha," nikasema.

"Basi ingia. Mtoto anaamka."

Sebuleni wanawake walikuwa wamejaa mikekani. Rukia alikuwa kwenye godoro, ameegemea ukuta, na mtoto ameshanyolewa, kichwa kinang'aa kwa zafarani. Zuhura alikuwa pembeni yake. Bi Salma akanipa sahani yenye tende moja. Wote wakaniangalia.

Ningependa kukuambia kwamba nilisema hapohapo. Sikusema. Niliichukua ile tende, nikaipasua, nikatoa kokwa, nikaitia mdomoni na kuanza kutafuna. Nilisoma bismillahi. Nilitafuna upande wa kushoto, na kile kisisimizi kilikuwa kinatembea mdomoni mwangu, na mimi najiambia hakuna kidonda, hakijatoka bado, wazee wetu wote walitafuna na sisi tuko hai, nikikataa sasa hivi watataka kujua kwa nini. Bi Salma akamnyanyua Sabra akamleta karibu yangu. Mtoto alikuwa macho. Alifungua mdomo akiutafuta uso wangu kama wanavyotafuta ziwa. Mdomo mtupu, wa waridi, hauna hata jino moja la kuoza.

Tende ilikuwa tayari. Kidole changu kilikuwa kimefika mdomoni kuichukua.

Nikaimeza.

"Amemeza," mwanamke mmoja akasema. Wengine wakacheka, wakidhani babu amesahau. Bi Salma akasema leteni nyingine.

"Msilete," nikasema. Na sikuweka kiganja. "Mimi ni mgonjwa wa mdomo. Lile jino langu limeoza mpaka kwenye mizizi, na daktari amekuta nina virusi vya vidonda vya mdomo. Leo vinanitoka, navihisi hapa. Mate yangu yanaweza kumuua mtoto huyu. Nimelijua tangu kipupwe, nikaona haya kusema."

Bi Salma alimvuta mtoto kifuani kwake kama mtu aliyeona nyoka. Nikasikia neno virusi likipita mkekani, kutoka sikio hadi sikio, nikajua kufikia magharibi litakuwa limefika Kariakoo kabla yangu. Masikio yaliniwaka. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Zuhura sikuthubutu kumtazama.

Aliyesema ni Rukia. "Baba, kwa hiyo siku ile wodini, ndiyo maana ulisimama mlangoni?"

"Ndiyo."

"Na Idi uliponizuia?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa nanuka."

Akaanza kulia, si kwa sauti. "Mimi nilijua humtaki. Nilimwambia mume wangu, baba amechoka na mimba zangu, hataki kumzoea huyu asije akaondoka kama wengine."

Aibu zote nilizokwisha kuzisimulia hapo juu, ziweke upande mmoja. Hiyo moja ilizizidi. Nilikuwa nimeuficha mdomo wangu, na mwanangu alikuwa amelala na wazo hilo kila siku, na mtoto wake tumboni.

Rukia alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akanyoosha mkono. "Nipe tende, baba." Nikampa kasha lote, maana sikuthubutu kuigusa nyingine. Akachagua mwenyewe, akaitafuna mwenyewe, akampaka mwanawe kaakaani. Sabra alikunja uso, kisha akanyonya kidole. Bi Salma akasema haijawahi kufanywa hivyo na mzazi. Mtu akaanzisha kigelegele.

Tulirudi nyumbani na Zuhura. Aliponiandalia chai ndipo akasema.

"Vidonda hivyo na mimi hunitoka. Vilinitoka mwaka tuliooana. Ulidhani nimevipata wapi, mtini?"

Akamimina chai kikombeni.

"Tumekula sinia moja, tumelala mto mmoja. Ungeniuliza ningekuambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe ulikuwa unakaribia kuumbuliwa na kifo kisicho chako." Akanisogezea kikombe. "Na leo ulale umegeukia huku."

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Wapo wateja walioacha kuonja kutoka mkononi mwangu. Nikanunua vijiti, wanachoma wenyewe. Kijana mmoja alinitania hadharani, nikamjibu kwa aibu nusu na hasira nusu. Magomeni nina kikombe changu peke yangu, cha mstari wa buluu, ambacho Bi Salma hukiosha mwisho. Sijamlaumu. Jino lilisafishwa tena mwisho wa vuli, na safari hii nilipewa na vidonge vya kumeza kila nikihisi kile kisisimizi. Kiangazi kikapita, Ramadhani ikaja, shavu halikuvimba. Neema aliliziba jino moja kwa moja, akanionyesha eksirei na kusema mfupa unarudi. Mimi niliona weusi na weupe tu, nikamshukuru.

Kwako wewe uliyeshika shavu, sina mengi. Karafuu iache kwenye pilau. Sema kwa mmoja, aliye karibu, kabla hajatunga habari yake mwenyewe kuhusu ukimya wako. Bado naona haya, nikuambie ukweli. Nimeyaandika haya nikisita mara nyingi.

Sabra sasa anatembea. Juzi Rukia alimleta dukani, akamkalisha juu ya meza yangu, pale nilipozoea kuwainamia wateja. Nilimpasulia tende laini, nikatoa kokwa, nikamwekea kiganjani. Akaila kwa kelele, ananitazama. Katikati akaacha kutafuna, akaitoa mdomoni mwake, imetafunwa nusu, inavuta mate, akaninyooshea usoni kwa mkono wake mdogo. Nikafunga mdomo. Akasukuma. Nikamtazama mama yake.

"Kula, baba," Rukia akasema. "Yake haina neno."

Nikainama, nikaufungua mdomo wangu wote, nikala.